Mota ya foklifti kwenye kirikuu inachemka nikipanda Soni: bloa niifunge wapi?

KirikuuYaSoni aliandika:

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada, hasa kwa mafundi wa mota.

Nina kirikuu, Suzuki Carry yenye bodi ya mizigo. Injini ilikufa, na nilipopiga hesabu ya injini nyingine pamoja na mafuta ya kila siku nikaamua kuigeuza iwe ya umeme. Mota nilinunua kwenye skrepa Tanga, ilitoka kwenye foklifti mbovu, ile mashine ya kunyanyulia mizigo ghalani. Kibati bado kinasomeka: DC, volti 48, kilowati 6.5, S2 60 min, daraja F. Nimeipima kwenye mizani ya mazao, ni kilo 54. Imefungwa kwenye giaboksi ileile ya gari kwa bamba nene la chuma lililochongwa kwa mashine. Betri ni seli 24 za lithiamu, jumla volti 77 hivi. Kontrola, kile kifaa kinachodhibiti umeme unaokwenda kwenye mota, ni ya ampea 400.

Kazi yake ni kushusha kabichi, karoti na plamu kutoka Soni, juu milimani Lushoto, hadi Mombo kule chini, halafu kupanda na mbolea au saruji, mifuko sita siku nyingi. Anayeifahamu barabara ile anajua: kona juu ya kona, mlima upande huu, korongo upande ule, na kupanda hakuishi mpaka umefika.

Kushuka hakuna neno. Kupanda ndiyo shida. Kabla sijayaona maporomoko ya maji ya Soni, harufu ya vanishi (ile inayohami waya za mota) inaingia ndani ya kibini, na nikisimama ganda la mota haligusiki. Nikipumzika nusu saa naendelea vizuri, lakini hiyo si kazi, mteja anasubiri. Ampea kwenye dashibodi ni 120 mpaka 140, na kontrola inaruhusu 400, kwa hiyo sioni kama naizidishia. Natembea kilomita 28 kwa saa, gia ya nne, kwa sababu ya tatu inapiga kelele sana. Feni ya ndani ya mota ipo na ni nzima.

Nataka niongeze bloa ya nje, yaani feni ya kusukuma hewa yenye umeme wake. Maswali yangu: itasaidia kweli? Ipulize kutokea upande wa kaboni (vile vipande vinavyopitisha umeme kwenda sehemu inayozunguka) au upande wa giaboksi? Na ni bloa gani? Nina bloa ya AC niliyoitoa kwenye Noah, na kuna mtu ameniambia nitafute ya boti. Mota iko chini ya viti, mahali palipokuwa injini, karibu sana na vumbi na matope.

---

JumbeElektroniki alijibu:

Mkuu hongera kwa kazi. Mimi ningefunga feni nne za kompyuta, zile za volti 12, mbili kila upande. Zinakula umeme kidogo sana na zinapatikana kila mahali. Nimezitumia kupoza inveta ya sola, zinafanya kazi vizuri.

---

MsukaMotaTanga alijibu:

Salama mkuu, habari za huko milimani. Mimi nasuka mota hapa Tanga, yaani nazizungushia koili upya, na za foklifti zimepita nyingi mikononi mwangu, nyingine zikiwa zimeshageuka makaa. Sitaki yako ifike huko, kwa hiyo nisome mpaka mwisho.

Kwanza ile ampea 130 unayoiona kwenye dashibodi. Kipimo chako kiko waya wa betri, siyo? Basi hiyo ni ampea ya betri. Ya mota ni nyingine kabisa. Kontrola inakata volti na kuongeza ampea: ikichukua volti 77 na ampea 130 kutoka betri, hiyo ni kama kilowati 10. Kwa mwendo wako wa taratibu kwenye gia ya nne, mota huenda inapata volti 40 tu. Kilowati 10 kwa volti 40 ni ampea 250. Hizo ndizo zinazopita kwenye koili na kwenye kaboni, na hizo ndizo zinazounguza vanishi. Azima klampu mita inayopima DC, ishike kwenye waya mmoja kati ya kontrola na mota, mtu mwingine aisome wakati wewe unaendesha. Usiguse chochote mpaka umeiona namba hiyo.

Pili, kile kibati. S2 60 min maana yake mota imeidhinishwa kubeba mzigo wake ulioandikwa kwa saa moja, ikianza ikiwa baridi, kisha ipoe kabisa. Mzigo wenyewe ni kilowati 6.5 kwenye shafti. Ukiingiza kilowati 10 na robo ikapotea kuwa joto, kwenye shafti inatoka 7.5, na ndani ya mota kinabaki kilowati mbili na nusu za moto mtupu. Chuma na shaba ya kilo 54 ikipewa moto huo bila kupozwa inapanda digrii moja kila sekunde 10 hivi. Anza na digrii 30 za Mombo, endesha robo saa, tayari uko 120, na hiyo ni wastani. Koili na amecha (sehemu inayozunguka) zinatangulia, ganda linafuata nyuma. Daraja F la vanishi mwisho wake ni digrii 155. Vanishi ikizidishwa digrii 10 juu ya kiwango chake, umri wake unapungua karibu nusu. Na shaba ikipata joto ukinzani wake unaongezeka: digrii 100 zaidi ni karibu asilimia 40 zaidi, kwa hiyo mota ya moto inatengeneza moto mwingi kuliko ilipokuwa baridi kwa ampea zilezile.

Sasa feni ya ndani. Imefungwa kwenye shafti, inakwenda kasi ya shafti. Kwenye tambarare mota inazunguka haraka, ampea ndogo, upepo mwingi. Mlimani inazunguka pole, ampea nyingi, upepo haba. Ni sawa na kumpa mtu maji akiwa amekaa kivulini na kumnyima akiwa analima. Ndiyo maana swali lako la bloa ni swali zuri: bloa yenye umeme wake haijali mota inazunguka namna gani.

Lakini kabla ya bloa, gia. Weka ya tatu. Najua inapiga kelele, ivumilie. Kwa mwendo uleule mizunguko itapanda kutoka kama 1,400 hadi 2,000 kwa dakika, feni ya ndani itapata nguvu, na ampea za mota zitashuka. Zikishuka kutoka 250 hadi 190, joto la kwenye waya linabaki chini ya asilimia 60 ya lile la mwanzo, kwa kuwa joto linakwenda kwa mraba wa ampea. Hiyo ni bure, hujanunua kitu. Ila mota ya zamani ya namna hii usiizungushe zaidi ya 4,000, komyuteta, ile silinda ya shaba ambayo kaboni zinasugua, inaweza kufumuka, na vipande vyake havichagui pa kwenda.

Upande wa kupuliza: mota nyingi za aina yako zinavuta hewa kupitia madirisha ya upande wa komyuteta, kule kwenye kaboni, na kuitoa upande wa shafti. Hakikisha ya kwako, usiamini maneno yangu tu. Pandisha magurudumu ya nyuma juu ya stendi, weka gia, ipe mota betri moja ya volti 12 tu, washa kijiti cha udi ukisogeze kwenye madirisha. Moshi unaoingia ndani unakuonyesha njia. Bloa ifuate njia hiyohiyo. Ukiipuliza kinyume, bloa na feni zinagombana na hewa inasimama katikati. Na tafadhali, mota ya siriizi (fildi na amecha zimeungwa mfululizo) isiyo na mzigo usiipe volti zote hata kwa mchezo. Inakimbia mpaka inajivunja.

Jumbe, mdogo wangu, feni za kompyuta zinafaa kwa inveta kwa sababu pale hewa inapita wazi. Ndani ya mota hewa inapenya kati ya amecha na fildi (koili zilizotulia kwenye ganda), nafasi ya milimita chache, na feni ya mapanga haina msukumo wa kupita hapo. Itazunguka na kelele utaisikia, lakini hewa itarudi nyuma. Inatakiwa bloa ya gurudumu lenye mapezi mengi madogo kwenye ukingo, kama hiyo ya AC ya Noah. Hiyo tumia, mkuu, unayo tayari. Ikiwa kwenye kasi ya juu inaweza kula ampea 10 mpaka 15 za volti 12, wati 180 kwa wingi. Ukilinganisha na kilowati 10 za kupanda mlima, hutaziona.

Kuifunga. Tengeneza boksi la bati linalozunguka mota pale kwenye madirisha ya kaboni, liache nafasi ya vidole viwili kuzunguka pande zote, na mpira wa hewa uingie kwenye boksi hilo sehemu moja. Usipeleke mpira kwenye dirisha moja na kuziba mengine, kwa sababu kaboni za upande huo zitapoa na za upande wa pili zitaungua. Kazi ya kutoboa na ripiti ifanyike boksi likiwa nje ya mota. Chembe moja ya chuma ikidondoka kwenye komyuteta, umeharibu. Vishikio vya kaboni vina umeme wote wa mota, bati lisivikaribie. Weka karatasi ngumu ya kuhami ndani ya boksi, ile tunayotumia kwenye kusuka. Madirisha ya kutolea hewa upande wa giaboksi yaache wazi yote, yawekee wavu, na yatazame chini.

Hewa uichukue juu, nyuma ya kibini, isitoke kule chini ya viti ambako imeshapata moto na imejaa vumbi. Weka filta ya gari kubwa, siyo ndogo, maana filta ndogo ikishika vumbi jekundu la huko inageuka kizibo. Faida nyingine ya kupuliza kwa ndani ni hii: mota inakuwa na hewa inayosukuma kutoka, kwa hiyo vumbi na maji vinapata shida kuingia.

Nijibu mambo mawili: komyuteta ina rangi gani, na kaboni zimebaki urefu gani?

---

DerevaMkongwe alijibu:

Samahani naingilia, si fundi umeme. Nimeendesha malori njia ya Mombo na Lushoto na nimeendesha mlima wa Kitonga, Iringa. Umesema kushuka hakuna neno. Je, hiyo mota inashika gari kama injini ukiachia mafuta? Kama haishiki, unashuka na kabichi mlima mzima kwa breki za miguu peke yake. Kirikuu nyuma ni dramu. Breki zikipata moto zinapoteza nguvu, unakanyaga pedali na gari halisimami. Naomba ulifikirie hilo pamoja na bloa.

---

KirikuuYaSoni aliandika:

Asanteni sana wakuu, na shikamoo fundi. Nimesoma yote mara mbili.

Kipimo ni cha upande wa betri, kweli. Klampu mita nitaazima kwa jamaa anayefunga sola Lushoto. Komyuteta nimeifungua leo na kuimulika kwa tochi: rangi ni kahawia kama chokoleti, lakini kuna mstari mweusi upande mmoja, karibu na ukingo. Kaboni zimebaki sentimita mbili na nusu, zote nne zinafanana. Nimekuta unga mweusi mwingi ndani, umeganda kwenye kona za fildi.

Leo nimepanda kwa gia ya tatu, mzigo uleule. Kelele ni nyingi ila harufu haikuja mpaka karibu kabisa na Soni, na ilikuwa hafifu. Kwa hiyo gia imesaidia, lakini bado nahitaji bloa.

Mzee dereva, kwa kweli haishiki kitu ukiachia. Nashuka polepole na napumzisha breki njiani. Nakubali neno lako, wiki hii nafungua dramu zote mbili niangalie viatu.

Swali la nyongeza: bloa iwashwe na nini? Na nina kile kipimajoto cha kuelekeza, cha wakati wa korona, naweza kupimia komyuteta?

---

BahariaUnguja alijibu:

Assalam aleikum. Mie nafunga mashine za boti Unguja, nimeona imetajwa bloa ya boti nikasema niseme neno.

Bloa hizo kazi yake ni kutoa mvuke wa petroli chini ya boti kabla ya kuwasha injini, ndiyo maana hutengenezwa zisitoe cheche nje. Zipo za mpira wa inchi 3 na za inchi 4, volti 12. Kwenye boksi ya inchi 4 utaona imeandikwa futi za ujazo 240 kwa dakika, kama mita za ujazo 6.8. Namba hiyo hupimwa hewa ikiwa wazi, bila mpira, bila kona. Ukishaifunga kwenye mota hupati hata karibu ya hiyo. Kwa hesabu ya fundi wa Tanga, kilowati mbili na nusu, ukitaka hewa itoke ikiwa imepanda digrii 30 tu, unahitaji zaidi ya mita za ujazo 4 kwa dakika zipite ndani kweli. Na huko juu hewa ni nyepesi kuliko hapa pwani, zaidi ya asilimia 10 ukifika Soni. Kwa hiyo inchi 3 usinunue. Ya AC ya gari ina msukumo mzuri zaidi, mie ningeanza nayo.

Mpira chagua wenye ndani laini. Ule wenye mikunjo ndani unakula upepo vibaya. Kona ziwe chache na ziwe pana. Ukifikiria kufunga bloa mbili kwenye boksi moja, kila moja iwe na kilango cha kujifunga, la sivyo ikifa moja hewa ya ile nzima inatokea kwenye iliyokufa na mota haipati kitu.

Na bloa ikae mwanzo wa njia, isukume hewa baridi. Ukiiweka mwisho ivute hewa ya moto kutoka kwenye mota, itakula unga wa kaboni na joto, na haitadumu.

---

MsukaMotaTanga alijibu:

Marahaba. Nashukuru Baharia, umesema kweli tupu, na dereva amegusa jambo kubwa kuliko mota. Mota ikiungua unakuja kwangu tunaisuka. Breki zikikataa pale kwenye kona za chini ya Soni hakuna fundi wa kukusaidia. Mota yako ya siriizi haiwezi kurudisha umeme kwa kontrola ya kawaida, kwa hiyo punguza kabichi, shuka taratibu, na viatu vya breki vibadilishwe kabla havijaisha.

Kahawia ya chokoleti ni rangi ya afya. Ule mstari mweusi ni kaboni moja haikai vizuri au springi yake imelegea. Vuta kila springi kwa kidole, utaihisi iliyo dhaifu. Unga mweusi utoe kwa hewa ya kompresa iliyo kavu, madirisha yote yakiwa wazi, ukiwa umefunga pua na mdomo. Unga huo unapitisha umeme. Ukishamaliza, chomoa waya za mota na upime kwa mega (kipimo cha uhami) kati ya waya na ganda. Ikiwa chini ya megaomu moja usiitumie, ilete ikaushwe.

Kile kipimajoto cha korona kinaishia kwenye digrii arobaini na kitu, hakifai. Tafuta cha viwandani kinachofika 300. Hata hicho ukielekeza kwenye shaba inayong'aa kitakudanganya, kitasoma chini sana. Elekeza kwenye koili za fildi, kwenye ule utepe uliozungushiwa, ambao hauakisi. Afadhali zaidi ni waya wa kipimajoto cha mita ya kawaida, ncha yake uifunge kwa utepe wa kuhimili joto juu ya koili ya fildi, mbali na vishikio vya kaboni, na uilete mpaka dashibodi. Ukiona 120 kwenye koili, punguza mwendo. Ukiona 140, simama pembeni uache bloa ifanye kazi. Maji usimwage juu ya mota ya moto hata kama watu wanakushauri; ganda linajikunja, na maji yakipenya ndani ndiyo mwisho wake.

Kuwasha: bloa ichukue umeme kwenye betri ndogo ya volti 12 inayochajiwa na konvata ya DC, ile inayoshusha volti za kundi kubwa. Usiitoe kwenye seli nne za kundi kubwa, zitashuka kuliko wenzake na kundi zima litaharibika. Weka fyuzi ya ampea 20 karibu na betri, na rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo). Rilei iwashwe na njia mbili. Ya kwanza ni swichi ya gari, kwa hiyo ukiwasha gari bloa inaanza, usisubiri joto. Ya pili ni thamostati ndogo ya duara, zile KSD301 zinazofunga mkondo zikipata joto, ya digrii 60, ibane kwenye ganda la mota, nayo ipate umeme moja kwa moja bila kupitia swichi. Kila njia ipitie dayodi yake (inayopitisha umeme upande mmoja tu) kabla ya kufika kwenye rilei, la sivyo thamostati itarudisha umeme kwenye swichi na gari halitazima. Ukifika Soni ukazima gari, shafti imesimama, feni ya ndani imesimama, na joto lote la amecha linaanza kutambaa kwenda kwenye beringi na vanishi. Thamostati itaiacha bloa izunguke mpaka ganda lipoe, kisha izime yenyewe. Hapo ndipo mota nyingi zinapokufa, baada ya safari, mwenyewe akiwa ameshaenda kunywa chai.

Na weka kitaa kidogo kwenye dashibodi kinachowaka bloa ikipata umeme, au hata bora zaidi, kipande cha utepe mwepesi kwenye tundu la kutolea hewa unachoweza kukiona ukiinama. Kitaa kinasema umeme upo, utepe unasema hewa inatoka.

Anza na gia, klampu mita na usafi kabla hujakata bati. Ukipata ampea za mota kwenye gia ya tatu na kwenye ya nne, ziandike hapa, pamoja na joto la koili ukifika darajani Soni, nitakuambia kama bloa ya Noah inatosha au tutafute kubwa zaidi.